Nati ya Pili

Maji yalianza kudondoka mwezi Februari, wakati ambao Dar es Salaam hata kivuli kina joto. Muuguzi wa zamu alimpigia Mjomba simu saa moja asubuhi. Alisema matone yanaangukia benchi wanapokaa akina mama, kwamba wameweka ndoo, na tangu jana jioni wameimwaga mara mbili. Mjomba alikuwa anakunywa chai. Alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole, kisha akanigeukia.

"Ile kaseti ya zahanati. Pampu ya maji itakuwa imeziba. Nenda na kijana, mimi nina mteja Gerezani."

Nilijua ni kaseti ipi. Tuliifunga sisi wenyewe Juni iliyotangulia. Nilichukua begi la spana, brashi na ndoo, nikamwamsha kijana anayetushikia ngazi, tukapanda bajaji. Njiani nilisoma kwenye simu maoni ya msimamizi wangu kuhusu sura ya pili ya tasnifu. Pembeni mwa aya moja alikuwa ameandika: "Dai hili linashikiliwa na nini?" Nilikasirika kidogo. Niliona dai liko wazi.

Nina miaka 26. Nasoma shahada ya uzamili katika Kiswahili, na tasnifu yangu inahusu maneno ambayo mafundi huyaunda wakiwa kazini. Nusu ya ada yangu inatoka kwenye dari za watu. Mjomba, kaka yake mama, amefunga na kutengeneza viyoyozi kwa miaka 22, na mimi ni saidia fundi wake tangu alipovunjika bega. Wateja wakiniona napanda ngazi humuuliza yeye, si mimi, kama nitaweza. Mjomba huwajibu, "Mwulizeni mwenyewe, yuko hapo juu."

Kamusi zinasema kiyoyozi, wateja wanasema AC, na mafundi wanataja aina. Ile ya ukutani ni spliti. Ile inayozama darini ikaacha uso wa mraba tu ndiyo kaseti. Ukiwa umekaa chini yake unaona ubao mweupe wenye midomo minne, kila mmoja ukipuliza upande wake. Huoni sanduku la bati lililo juu ya ubao huo, lenye feni, koili, sinia la kukingia maji na pampu ndogo ya kuyasukuma nje. Kwa aina tunazofunga mara nyingi, sanduku hilo lina zaidi ya kilo 20 kabla hujauweka huo ubao wa mbele. Silingibodi haitakiwi kubeba hata gramu moja ya uzito huo. Mashine inaning'inia kwenye vyuma vinne vyenye hesi mwili mzima, vilivyokitwa kwenye zege la juu.

Kila kona ya sanduku ina sikio la chuma. Chuma chenye hesi kinapita katika sikio hilo. Juu ya sikio kuna nati na washa. Chini yake kuna washa na nati inayobeba mzigo, na chini ya hiyo kuna nati nyingine, inayoibana ya kwanza isizunguke.

"Hii inabeba," Mjomba aliniambia siku ya kwanza kunifundisha, akinionyesha kwa kidole. "Na hii ya pili ni shahidi. Mashine inatetemeka usiku na mchana, mwaka mzima. Nati isiyo na shahidi, ipo siku itakana."

Nilicheka, nikaliandika neno hilo kwenye daftari langu la utafiti. Shahidi: nati ya pili.

Lazima niseme jinsi bega lake lilivyovunjika, kwa sababu kila kitu anachonifundisha kinaanzia pale. Ilikuwa ofisini kwa watu, mjini, miaka miwili kabla ya haya. Alikuwa juu ya ngazi akifanya sevisi. Swichi ya mashine alikuwa ameizima mwenyewe, kwa mkono wake. Chini, mtu mmoja aliona joto limezidi, akatafuta, akakuta swichi imezimwa, akaiwasha. Hakuwa na ubaya. Alitaka upepo. Vidole vya Mjomba vilikuwa kwenye kiungio cha nyaya. Umeme haukumuua ila ulimtupa. Alianguka kutoka kama futi 6, bega likapiga ukingo wa meza. Mkono ulikaa shingoni wiki nyingi, na mpaka leo hauinuki kupita sikio.

Alipopona alinunua vitu vitatu kabla hajanunua hata shati: kufuli, testa mpya, na ngazi ya faiba, maana ile ya zamani ilikuwa ya alumini na alumini ni rafiki wa umeme. Siku hizi swichi yoyote yenye tundu la kufuli anaifunga, na ufunguo unakaa mfukoni mwake, hamwachii mtu. Pasipo na tundu anafunga mlango wa boksi la sakiti breka. Mlango usipofungika anamsimamisha kijana hapo na kumwambia asitoke hata akiitwa na mama yake. "Swichi isiyo na kufuli ni ya kila mtu," ndivyo anavyosema.

Testa nayo ana namna yake. Anaigusisha kwanza kwenye soketi anayojua ina umeme, ione kama inasema kweli. Kisha anapima nyaya za mashine. Kisha anarudi tena kwenye soketi. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Akanieleza: testa iliyokufa na waya usio na umeme hutoa jibu lile lile. Na hata baada ya hapo, kwenye mashine ya nje anasubiri dakika kadhaa kabla hajafungua, kwa sababu kapasita hubaki na umeme tumboni baada ya swichi kuzimwa.

Huyo ndiye mtu niliyemdanganya.

Juni ile tulikuwa tunafunga kaseti ya chumba cha kusubiri, zahanati ya mtu binafsi, si mbali na nyumbani kwetu Temeke. Tulianza asubuhi. Mjomba alitoboa zege mwenyewe, mahali pazuri, mbali na ufa na mbali na ukingo. Alikataa kabisa kufungia mashine kwenye fremu ya dari, ingawa fundi wa silingibodi alimhakikishia kwamba fremu ni ngumu. Vishikilio vilitanuka ndani ya matundu, vyuma vinne vikashuka. Kila kimoja alikivuta kwa kuning'inia nacho kidogo kwa mkono wake mzima. Tukainua sanduku watu watatu. Tukapima kwa pima maji kona zote, tukashusha hapa, tukapandisha pale, mpaka kitone cha hewa kikakaa katikati.

Baada ya hapo tuligawana kazi. Yeye alitoka nje kwenye mashine ya kompresa, mimi nikabaki juu kukaza nati. Nilikuwa na seminari chuoni saa tisa alasiri. Ndiyo ilikuwa siku ya kuwasilisha pendekezo langu la utafiti mbele ya wahadhiri, na kutoka Temeke hadi chuoni, ukipata foleni, usipange chochote.

Kona tatu nilizifanya vizuri. Ya nne ilikuwa upande wa ukutani, penye bomba la nyaya lililokuwa limepita karibu sana. Spana niliyokuwa nayo haikuingia. Ilihitajika ile nyembamba, na nyembamba ilikuwa chini, ndani ya begi. Nati inayobeba ilikuwa mahali pake. Ile ya juu niliikaza kwa vidole. Nati ya pili, shahidi, ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Simu ilionyesha saa saba na dakika ishirini.

Mjomba akaita kutoka nje, kupitia tundu la paipu. "Mama, umekaza zote?"

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Nimekaza zote, Mjomba."

Nilijiambia nitarudi kesho yake asubuhi, kabla dari halijafungwa. Seminari ilikwenda vizuri. Nilisifiwa. Nikalala kwa rafiki yangu hosteli, tukasherehekea kwa chipsi mayai. Niliporudi zahanati kesho yake saa nne, Mjomba alikuwa amemaliza kila kitu. Alikuwa amejaza paipu naitrojeni, akapaka viungio povu la sabuni kutafuta mahali panapovuja, akauvuta upepo wote kwa pampu ya vakyumu, akafungua gesi. Alikuwa amemwaga maji kwenye sinia akayaangalia yakitoka nje. Silingibodi ilikuwa imerudishwa, ubao mweupe umefungwa, chumba kina baridi na muuguzi anatabasamu.

Alikuwa amekagua kila kilichokuwa chake. Changu alikuwa ameniuliza, nikamjibu.

Nati niliikuta kwenye aproni siku ya tatu, wakati wa kufua. Kwa hiyo siwezi kusema nilisahau. Niliitia kwenye kopo langu la kalamu, mezani, na kwa miezi minane kila nilipochukua kalamu iligonga kopo. Nilijipa maelezo mazuri, kama ambavyo msomi hujipa. Kona tatu zimeshika. Nati ya juu nayo ipo. Wako mafundi wengi mjini wanaofunga nati mojamoja na mashine zao hazijaanguka. Kumwambia Mjomba kungekuwa kumfungulisha dari lililokwisha lipiwa, na kumwambia mteja kwamba fundi wake ana msaidizi asiyeaminika.

Oktoba, binamu yangu, binti yake Mjomba, alijifungua, na baada ya wiki kadhaa nikamsindikiza kumpeleka mtoto kliniki. Kliniki ilikuwa pale pale. Chumba cha kusubiri kilijaa. Benchi la katikati, chini kabisa ya kaseti, lilikuwa na nafasi, na akina mama walituita tukae penye baridi. Binamu akataka kukaa. Nikamshika mkono. "Twende kule dirishani," nikasema, "baridi kali si nzuri kwa mtoto." Tukakaa dirishani. Mama mwingine, mwenye pacha, akaja akakaa pale nilipomwondoa binamu yangu.

Nilimwangalia yule mama kwa nusu saa nzima. Sikusema neno.

Basi Februari, nilipoingia na ngazi, nilikuwa najua ninachokwenda kukiona, na bado njia nzima nilikuwa naomba iwe pampu. Niliwahamisha watu, nikavuta benchi mpaka ukutani, nikazima swichi, nikaifunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Nilipima nyaya. Kijana akashika ngazi. Nikafungua ubao mweupe, nikaondoa silingibodi ya kona ya ukutani, nikawasha tochi.

Kona ilikuwa imeshuka karibu nusu inchi. Sinia limeinamia upande usio na pampu, kwa hiyo maji yalijikusanya mahali ambapo hakuna wa kuyasukuma, yakajaa, yakamwagika. Nati iliyobeba ilikuwa imejizungusha yenyewe kidogo kidogo, mtetemo kwa mtetemo, Juni hadi Februari. Chini yake zilikuwa zimebaki hesi nne. Nilizihesabu. Nikazihesabu tena kwa ukucha.

Vyuma vitatu vingeweza kushika. Vingeweza. Lakini kona ikiachia, paipu za shaba zinapinda, na paipu iliyopinda inaweza kupasuka mahali pa kiungio. Gesi ya mashine ile ni R32, ya kizazi kilichokuja baada ya R22 ya zamani, ambayo dunia inaiondoa kwa sababu ya tabaka la ozoni, kufuatana na Itifaki ya Montreal ya 1987. R32 haitafuni ozoni, ila inaweza kushika moto, si kwa urahisi, lakini inaweza. Na ubao wa mbele, hata ukishikiliwa na skrubu upande mmoja, ukifunguka unashuka kama mlango. Chini yake kuna benchi.

Nikaiangalia pampu. Ilikuwa na utelezi wa ukungu na vumbi, kama pampu yoyote ambayo haijasafishwa miezi minane. Uongo wangu wa pili ulikuwa umejiandaa wenyewe. Ningeweza kuisukuma kona juu kwa bega, kuweka washa, kukaza nati mbili, kusafisha pampu, kufunga dari, na kumwambia Mjomba: ulisema kweli, ilikuwa imeziba. Kijana alikuwa chini, haoni kitu. Nati zilikuwepo begini. Zingechukua dakika kumi.

Sijui vizuri kwa nini sikufanya hivyo. Ningependa kusema ni dhamiri. Nadhani ilikuwa ni zile hesi nne. Nilishuka, nikamwambia muuguzi asiruhusu mtu apite katikati ya chumba, nikatoka nje, nikampigia Mjomba.

"Si pampu," nilimwambia. "Njoo uone mwenyewe kabla sijagusa."

Alifika saa tano. Alipanda polepole, kama apandavyo siku hizi, mkono mmoja ukifanya kazi ya miwili. Alikaa juu muda mrefu. Nilisikia akihesabu kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza. Akaomba spana nyembamba, nikampa. Akaomba washa, akaomba nati. Akaomba nati nyingine. Alikaza mwenyewe, akapima kwa pima maji, akasafisha pampu, akamwaga maji kwenye sinia, tukayasikia yakitoka nje. Aliposhuka alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ulisahau?"

"Hapana, Mjomba. Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Akakikunja kitambaa akakirudisha mfukoni. Nilitaka anipigie kelele. Badala yake aliuliza, "Yule binti yangu alipoleta mtoto hapa, mlikaa wapi?"

Sikujibu. Aligeuza uso akatazama dirishani, pale penye benchi la pembeni, na nikajua binamu alikuwa amekwisha kumsimulia ile habari ya baridi kali, labda kama mfano wa upendo wangu.

Hakusema zaidi. Alikwenda kugonga mlango wa daktari mwenye zahanati. Nilimfuata kwa sababu hakunikataza. Alimweleza yote akiwa amesimama: kwamba mashine ilifungwa vibaya kona moja, kwamba kosa ni la watu wake, kwamba sasa imekazwa na imepimwa, na kwamba hatadai hata shilingi ya nauli. Hakusema "mpwa wangu". Alisema "sisi". Daktari alisikiliza, akashukuru kwa kuambiwa ukweli, akatuaga kwa heshima. Kulikuwa na vyumba viwili vya ghorofani alivyokuwa ameahidi kutupa tufunge baada ya mfungo. Wiki mbili baadaye tulipita barabarani tukaona gari la mafundi wengine limeegeshwa mlangoni, na kompresa mbili mpya ndani ya maboksi. Ile pesa ndiyo ilikuwa ada yangu ya muhula.

Jioni ya siku ile ile Mjomba alitoa daftari lake la kazi, lile lenye jalada la plastiki, akalisukuma mezani kuelekea kwangu.

"Andika kila mashine uliyoigusa."

Zilikuwa 17, katika majengo 9. Niliandika mpaka saa nne usiku. Karibu na kila moja niliweka alama ya kona nilizokaza mimi. Nilikuwa na hakika na zote isipokuwa ile moja, lakini nikagundua kwamba neno "hakika" kinywani mwangu lilikuwa limepungua thamani ndani ya nyumba ile.

Tulizunguka Jumapili sita. Kwa nauli yetu, ngazi ya faiba juu ya bajaji, mimi na yeye na kijana. Si kila mtu alifurahi kutuona. Mmoja alidhani tumekuja kutafuta kazi kwa hila. Mwingine alituuliza kama kuna kitu tunaficha, na Mjomba akamjibu kwamba tumekuja ili kisiwepo cha kuficha. Wengi walitufungulia tu, wakatuletea maji ya kunywa. Kila mahali ni yale yale: kufuli, testa, ngazi, silingibodi, tochi. Kila mahali nilikuta nati mbili, zimebana. Kila mahali Mjomba alipanda baada yangu akazigusa.

Wiki tatu za mwanzo hakuongea nami ila ya kazi. Spana. Tochi. Shika hapa. Jumapili ya nne, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, nilimwambia jambo nililokuwa nimelisoma. Kwamba mashine inayohesabiwa kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, ile aliyoibuni Willis Carrier mwaka 1902, ilibuniwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, na kilichokuwa kinahudumiwa ni karatasi. Unyevu wa hewa ulikuwa unazivimbisha na kuzinyweza, rangi zikichapwa moja juu ya nyingine hazikai mahali pake. Mashine ikaundwa kuutawala unyevu.

Mjomba alifikiri kidogo. "Kumbe wewe wa karatasi na mimi wa kaseti ni ndugu tangu zamani," akasema, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Februari. Nilitazama nje ya bajaji asinione macho.

Jumapili ya tano tulikuwa kwenye ofisi ya mwanasheria, mashine mbili. Nilipanda ya pili. Kona ya dirishani, nati ya pili ilikuwepo, lakini nilipoigusa ilizunguka kwa vidole. Haikuwa imekazwa. Nilishuka na daftari. Kona ile haikuwa na alama yangu.

"Kona ya dirishani imelegea," nilisema. Sikusema zaidi.

Alipanda. Akaishika nati kwa vidole viwili, akaizungusha kwenda na kurudi.

"Hii ni yangu," alisema akiwa huko juu. Alikaza, akashuka, akaenda kwa mwanasheria, akamwambia maneno yale yale aliyomwambia daktari, kwa sauti ile ile, akiwa amesimama vile vile. Safari hii alisema "mimi".

Njiani kurudi nilitaka kumfariji. Nikaanza kusema kwamba hiyo ilikuwepo, ililegea tu, si sawa na yangu. Akanikatiza. "Si sawa. Mimi nilisahau na wewe ulinyamaza. Lakini aliyekaa chini hajui tofauti."

Usiku ule aliniuliza kama nina rangi ya kucha. Nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nayo, nyekundu, ya shilingi elfu mbili. Akanionyesha mezani, kwa boliti na nati mbili alizozifunga kwenye kipande cha bati. Ukishakaza, unachora mstari mmoja unaopita juu ya bati, juu ya nati, mpaka kwenye chuma chenyewe. Rangi ikikauka, nati haiwezi kuzunguka bila mstari kukatika. Mtu yeyote atakayefungua dari lile baadaye, hata asiyetujua, akimulika tochi ataona kwa mara moja kama kuna kilichosogea. Na amri mpya: hakuna anayechora mstari kwenye kona aliyoikaza mwenyewe. Nachora zake, anachora zangu.

Mafundi wengine wanatucheka. Mmoja wa Kariakoo, tulipokwenda kununua vyuma vya hesi, alimuuliza Mjomba kama siku hizi anafungua saluni. Lakini mwezi uliopita nilimwona huyo huyo ana kichupa cha rangi ya bluu begini.

Ada ya muhula ule niliilipa kwa kuchelewa, pamoja na faini. Nilikopa kwa rafiki wa hosteli na bado namlipa kidogo kidogo. Nilirudi kwenye sura ya pili, kwenye aya ile. Nilikuwa nimeandika kwamba mafundi wengi wa viyoyozi wa Dar es Salaam huiita nati ya pili "shahidi". Nililitafuta dai hilo kwenye madaftari yangu yote ya utafiti. Niliowasikia wakilitumia neno hilo walikuwa watatu: Mjomba, rafiki yake mmoja, na kijana wetu, ambaye kalisikia kwa Mjomba. Nilifuta "wengi", nikaandika "watatu", nikaeleza uhusiano wao. Aya ikawa fupi na haivutii tena. Msimamizi hakuandika kitu pembeni safari hii. Alipiga tu alama ya vema.

Nati ya kwenye kopo la kalamu nilimpelekea Mjomba siku tulipomaliza jengo la tisa. Niliiweka mezani mbele yake na sikujua niseme nini. Nilitegemea labda ataitunza, au ataitupa mbali. Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akapuliza vumbi la penseli, akaangalia kama hesi zake ni nzima. Kisha akaitia kwenye mfuko wa nati, pamoja na nyingine.

"Kesho tuna kaseti mbili Mbagala," alisema. "Usisahau rangi."